Kona Yangu ya Jeneza

Kasingirima, Ujiji
2 Februari 2024

Mke wangu mdogo Shadia,

Salamu nyingi zikufikie huko Morogoro, wewe na panya wako wa maabara, ambao naambiwa wanakula vizuri kuliko wanafunzi. Sisi hapa wazima, ila ziwa limekuja kutuamkia. Maji yamepanda tangu mvua za Desemba. Pale Kibirizi walipokuwa wakianika dagaa sasa watoto wanaogelea, na michikichi ya jirani yangu mzee Elikana imesimama majini hadi magotini kama watu wanaofua. Kibanda changu cha vitabu pale Mwanga bado kikavu. Wiki hii nimeuza kamusi moja, na mteja mwingine alisoma nusu ya kitabu akiwa amesimama, akanishukuru, akaenda zake.

Shemeji yangu Kurwa, mume wa Bibi yako Mwavita, tulimzika tarehe kumi na tano Januari. Ulikuwa na mitihani, hakuna anayekulaumu. Watu walijaa. Fundi wa injini za boti hakosi wa kumzika. Kila aliyewahi kuzimikiwa injini katikati ya ziwa alikuja. Tulimzika salama. Dada yangu yumo ndani ya eda, nyumbani kwake Buzebazeba, na atatoka mwishoni mwa Mei.

Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, usihangaike kuipiga. Barua hii nimempa Nikodemu, yule mhudumu wa treni. Nawe nijibu kwa mkono wake.

Sasa jambo lenyewe. Wazee wa Swedi walikuja kubisha hodi kwa ajili yako. Nilikasirika kama inavyopasa. "Mnataka kuniachisha mke, na meno bado ninayo?" Mjomba wake akajibu, "Mzee, meno unayo manne, na mawili hayasemezani." Tukacheka, tukakubaliana. Swedi ni kijana mzuri, amejifunza ufundi kwa Kurwa, na mikono yake haikai bure. Wanataka harusi iwe tarehe ishirini na tisa Juni, baada ya Idi ya kuchinja, uani kwa Mwavita, pale ulipolelewa.

Lakini mimi sitaketi kwenye mkeka wa nikaha. Najua baba yako ametangulia na walii ni mimi. Sheria inaruhusu walii kuweka wakili, nami nitamweka shehe wa msikiti wetu, mwenye sauti nzuri kuliko yangu. Mume gani anaoza mkewe kwa mdomo wake mwenyewe?

Mumeo anayeachwa,
Hamdani


Morogoro
27 Februari 2024

Mume wangu mzee, shikamoo.

Barua yako imechelewa. Nikodemu anasema reli ilikatwa na mafuriko, wakalala stesheni moja na abiria wakila mihogo ya watu. Huku mvua haitoki kwenye milima. Mimi sijambo, nimefaulu mitihani yote. Panya hawajambo pia, ila wameninunia, na wana sababu.

Talaka yako nimeikataa. Lakini kuna jambo linanikereketa.

Nilimpigia Swedi kumpa pole ya mwalimu wake. Badala ya kulia, alicheka. Aliniambia: "Babu yako kiboko! Sisi watani tulileta injini ya marehemu, tukaitia kwenye pipa la maji mlangoni, tukasema Fundi hatoki mpaka aisikie mara ya mwisho. Mimi mwenyewe nikavuta kamba. Ikalia paa! Babu yako akaachia jeneza, akatoka mbio kwenye michikichi kama amefukuzwa na nyuki! Watu hoi! Tulikuja kumtania marehemu, akatushinda yeye."

Nilicheka, Babu. Nilipokata simu nikaacha kucheka. Nikampigia Bibi Mwavita. Nilipotaja jina lako alisema, "Huyo mtani wenu sitaki kumsikia." Nikamwambia, Bibi, ni kaka yako. Akasema, "Nami nilidhani hivyo." Kisha akaniuliza kama huku kuna baridi.

Naambiwa tangu mazishi hujakanyaga kwake, hata kwenye arobaini hukuonekana. Kutoka Kasingirima hadi Buzebazeba ni mwendo wa kumaliza kipande kimoja cha muwa. Na katika barua yako uliandika "tulimzika salama". Kuhusu injini hukuandika. Nimekujua maisha yangu yote kwa utani wa mdomo. Utani wa miguu sijakuona nao.

Unajua kazi yangu. Panya ninambana ndani ya mrija mwembamba asiweze kugeuka, kisha baadaye natazama hofu ile imefanya nini kwenye vipokezi vya homoni ndani ya ubongo wake. Lakini nakuuliza kama mjukuu, si kama mwanafunzi. Ilikuwaje siku ile?

Na wakili simtaki.

Shadia


Kasingirima, Ujiji
22 Machi 2024

Mwanangu Shadia,

Marahaba. Mfungo tumeupokea. Maji yameingia kwenye msingi wa nyumba tatu mtaani kwetu, na samaki mmoja wa mgebuka sasa anauzwa kana kwamba anajua kusoma. Hongera kwa mitihani.

Ulichosikia ndicho kilichotokea. Watani walifanya utani nami nikawajibu. Kama nilivuka mpaka, dada yangu ana haki ya kununa na itamwisha. Mambo ya wazee waachie wazee. Mimi si panya wako, wala ua wa Mwavita si mrija.

Wakili nimekwisha kumwambia, naye amekubali.

Kwa kuwa ulitaja vipokezi, nina swali lisilonihusu. Hapa jirani kuna mzee mmoja, jina lake halina haja. Alivuka kutoka ng'ambo ya ziwa akikimbia vita kama sisi, mwaka ule ule. Ni mtu wa kusoma na hana wazimu. Kwa kawaida ni mtulivu, anaweza kukaa siku nzima na kitabu. Lakini ipo sauti fulani, akiisikia, anakuwa hayupo. Si kwamba anaamua. Anajikuta mahali pengine, ameshafika, na hajui amefikaje. Ameniuliza, kwa kuwa najulikana kwamba nina mjukuu msomi, hicho kipokezi ni kitu gani, na inakuwaje mwili ushtuke leo kwa jambo lililokwisha miaka ishirini na minane iliyopita. Tena ana wajukuu, na anauliza kama kitu hicho kinarithiwa. Hili la mwisho aliniuliza kwa sauti ndogo.

Mjibu kwa lugha nyepesi. Nitamfikishia.

Hamdani


Morogoro
15 Aprili 2024

Mume wangu mzee, shikamoo, na Idi iliyopita iwe ya heri.

Nilikula pilau kwa mama mwenye nyumba, nikalala mchana kutwa. Kitambaa cha harusi nimekipata, rangi ya kijani kibichi, usimwambie Swedi.

Sasa niseme na yule mzee wa mtaani kwako. Mfikishie heshima zangu na umwambie amefanya vyema kuuliza.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Mtu akishtuka, tezi hiyo humwaga kwenye damu homoni iitwayo kortisoli, ambayo husafiri mwilini kote mpaka ubongoni. Kwa kuwa mzee huyo analijua gati la Kigoma, mwambie hivi: kortisoli ni mzigo, na kipokezi ni karani aliyeketi ndani ya ghala. Mzigo ukifika karani huupokea, kisha hupeleka neno kule ulikotoka kwamba imetosha, msilete tena. Hapo mwili hutulia.

Kwa watu walioumizwa sana na hofu, karani huyu hubadilika. Kwa wengi waliopimwa amekuwa mkali kupita kiasi: gunia la kwanza tu, anapiga kelele imetosha. Kortisoli inabaki chini, na zile homoni nyingine za mbio, zinazodundisha moyo, zinakosa wa kuzituliza. Kwa wengine, hasa walioteswa wakiwa watoto, makarani wamepungua, mzigo unafika na hakuna wa kuupokea. Wataalamu hawajakubaliana ni nani yuko kundi gani na kwa nini. Mwalimu wangu na mwenzake wa chumba cha pili hawasalimiani kwa ajili hiyo. Mimi nasema ninachokiona kwa panya, na panya hawajawahi kuvuka ziwa.

Kuhusu miaka ishirini na minane: ile sehemu ya ubongo haina kalenda. Sauti ikifika, miguu imeshaondoka kabla akili haijaulizwa. Mwambie kwamba huo si uoga kama watu wanavyousema uoga. Mtu hawezi kuona aibu kwa ajili ya karani ambaye hakumwajiri yeye mwenyewe. Au anaweza, lakini si haki.

Kuhusu kurithi, sitamdanganya. Kwenye jeni ya kipokezi hubandikwa alama ndogo za kikemia, zinazofanya jeni isomwe sana au kidogo. Kwa watoto wa watu walioona makubwa, baadhi ya watafiti wamekuta alama hizo ziko tofauti. Kama zinapita kwa damu, au mtoto anazipata kwa kulelewa na mtu anayeshtukashtuka, hakuna ajuaye bado. Mjukuu wake, kama anafanana na mimi, hulala kama gogo na huamshwa kwa maji.

Kuna wauguzi hospitalini wanaosaidia watu wa namna hii kwa mazungumzo. Lakini kabla ya muuguzi, mwambie mzee huyo atafute mtu mmoja tu ajue. Mtu anayeishi naye karibu. Labda dada, kama anaye.

La mwisho ni langu. Nimezungumza na Swedi. Usipoketi kwenye mkeka ule, harusi itasubiri, hata kama ni mwaka. Sitaozwa na sauti nzuri ya mtu mwingine wakati babu yangu yuko hai, mtaa wa pili, amejifungia ndani.

Shadia


Kasingirima, Ujiji
19 Mei 2024

Mjukuu wangu Shadia,

Salamu. Barua yako ninayo tangu Aprili. Nimeandika majibu na kuyachana, Nikodemu amepita mara mbili akaondoka mikono mitupu. Ziwa limefika mahali ambapo wazee wa hapa wanasema hawajaliona. Elikana amehamishia kuku wake kwangu, nao wanataga chini ya kitanda.

Yule mzee wa mtaani nilimsomea barua yako. Alisikiliza vizuri, maana tunatumia sikio moja. Nimechoka kumbeba. Nitaandika mimi.

Nilikuwa nimeshika kona ya mbele ya jeneza, upande wa kushoto. Niliwaona watani wakisukuma pipa mlangoni, nikatabasamu. Nilijua wanachotaka kufanya. Hilo ndilo linalonitesa, kwamba nilijua. Kurwa alikuwa akijaribu injini za watu ndani ya pipa lile kila siku, nami kila nikienda kumsalimu nilikuwa nakaa upande wa pili wa nyumba, nikidai kwamba kivuli cha huko ni kizuri zaidi. Hakuniuliza kamwe kivuli gani, wakati ukuta wa huko hupigwa na jua.

Swedi akavuta kamba. Ikakohoa. Akavuta tena, ikalipuka, moshi ukatoka, kisha ikashika ile sauti ya boti inayokaribia ufuko.

Ng'ambo, mwaka wa tisini na sita, wenye bunduki walikuja mchana kwa boti. Wanawake walikuwa wakigeuza dagaa mchangani. Tulidhani ni wafanyabiashara kutoka Kigoma. Mimi nilikuwa mwalimu, nilikuwa ufukweni na wanafunzi. Tuliwapungia mikono. Sitaandika zaidi ya hapo, na usiniombe.

Ninachokumbuka baada ya injini ni tope mdomoni. Nilikuwa kwenye michikichi, nimekumbatia shina. Kanzu yangu ilikuwa imelowa, na si kwa maji ya ziwa. Niliingia ziwani nilivyo, ili unyevu mmoja ufiche mwingine.

Niliporudi, walikuwa wameshatoka makaburini. Mjomba wake Swedi alinikumbatia na maji yangu yote. "Mzee, umetuvunja mbavu! Hadi kuogelea? Umeigiza mkimbizi wa kutoka ng'ambo!" Watu wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Nikainua mikono, nikaigiza mtu anayeogelea. Uani kwa marehemu, Shadia, mzee wa miaka sabini na miwili.

Nilipogeuka, Mwavita alikuwa dirishani. Kona yangu ilipoanguka iligonga tope, na sanda ya mume wake ikachafuka pembeni kabla wenzangu hawajainua. Aliliona hilo. Kisha akaniona nikiogelea hewani.

Sasa unajua kwa nini siendi kwake. Ningeweza kumweleza. Lakini mbele ya dada yangu mimi ni yule kaka aliyemvusha ziwa. Mali sina, mke amekufa, mwanangu amekufa, nchi niliiacha. Nina hilo tu. Afadhali anione mhuni aliyekosa adabu msibani kuliko ajue aliyemvusha ni mtu wa kujilowesha kwa kelele ya pipa.

Simu haikutumbukia majini. Nimeizima, imo ndani ya debe la mchele. Ikiita, naruka.

Swedi hana kosa. Ule ulikuwa utani wa haki, na kumlilia mwalimu kwa injini yake mwenyewe ni heshima. Usimwambie. Mwavita naye usimwambie. Na umchukue wakili. Uani pale kutapigwa ngoma na baruti za watoto, na pipa bado lipo. Sitaki siku yako watu wakumbuke mbio zangu.

Babu yako,
Hamdani


Morogoro
3 Juni 2024

Babu, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama stesheni, Nikodemu akaniuliza kama kuna msiba. Nilimwambia hapana, kuna kuku wanataga chini ya kitanda.

Sijamwambia mtu.

Leo nilipomshika panya wa kuingiza kwenye mrija, nilihisi moyo wake kwenye kidole changu gumba. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikiwabana na kuandika "mshtuko umefanyika", kisha naenda kunywa chai. Nimeona aibu kwamba ilibidi awe babu yangu ndipo mkono wangu usikie. Kazi nitaimaliza, maana ina maana, lakini chai haikupita.

Bibi Mwavita ametoka eda. Tulizungumza jana kuhusu vyakula vya harusi. Mwishoni alisema, "Muulize huyo mtani wako, siku ile injini ilipolia, yeye alisikia nini?" Nikamuuliza, kwa nini, Bibi? Akasema, "Wewe muulize."

Sikumjibu, Babu, kwa kuwa uliniomba. Swali si langu. Nakupelekea kama nilivyopewa.

Shadia


Kasingirima, Ujiji
20 Juni 2024

Mke wangu mdogo Shadia,

Idi imepita salama. Elikana alichinja jogoo mmoja wa wale wapangaji wangu, akaniletea paja kama kodi. Nikodemu ameapa kwamba barua hii itakufikia kabla hujapanda treni kuja, na mimi nimemwambia akichelewa nitamwombea mkwe mkali.

Nilikwenda Buzebazeba Jumanne, Idi pili. Barua yako niliibeba mfukoni siku kadhaa kabla ya kwenda, nikizunguka nayo.

Mwavita alikuwa uani anapembua mchele wa harusi. Hakuinua uso.

"Karibu, mtani," alisema.

"Mimi si mtani wako. Ni kaka yako."

"Kaka yangu angekuja kabla ya arobaini. Weye umekuja eda imekwisha. Kaa, kama miguu yako inajua kukaa."

Nilikaa. Injini ya Kurwa ilikuwa imeegemea ukuta, imefunikwa gunia. Niliongea nikiitazama hiyo, kwa kuwa yeye sikuweza kumtazama.

"Uliuliza nilisikia nini. Niliwasikia wale. Haukuwa utani, Mwavita. Niliogopa. Niliogopa mpaka nguo ikalowa, na ziwani niliingia ili kuficha."

Aliendelea kupembua. Alitupa chuya kwa kuku, akapuliza ungo.

"Unadhani sijui?" alisema. "Shadia anasomea ubongo, lakini miye ndiye niliyekimbia nyuma ya mgongo wako kule ng'ambo. Mgongo ule naujua. Ulipoachia jeneza nilijua umekwenda wapi."

"Ulijua? Basi umeninunia nini miezi yote hii? Kwa ajili ya sanda?"

"Sanda!" Hapo ndipo aliinua uso. "Kurwa alidondosha injini za watu ziwani mara ngapi, akasema zimejirusha zenyewe? Angekucheka mpaka sanda ifunguke. Sikununa kwa jeneza." Akaweka ungo chini. "Ng'ambo ulinishika mkono. Ulinivuta hadi bega likateguka, na hadi leo mvua ikija bega ndilo linaloniambia. Siku ya kumzika mume wangu, injini ilipolia, nilikuwa mlangoni. Ulikuwa karibu nami kama ulivyo sasa. Nilinyoosha mkono, kaka. Ukapita. Ulikimbia peke yako."

Niliyemficha hofu yangu kwa miezi mitano alikuwa ameninyooshea mkono.

"Weye miguu ilikubeba," alisema. "Yangu ilikufa. Niliketi pale pale kwenye kizingiti. Wanawake wakasema, tazameni subira ya mjane, injini imelipuka masikioni mwake hata hakutikisika. Subira gani? Kaniki ilikuwa imelowa chini yangu. Nilikaa juu ya aibu yangu mpaka wote wakaenda kula. Nikajikokota hadi dirishani kutazama kama umerudi, nikakuona unaogelea hewani na watu wanakushangilia. Nikasema, huyu amepona, miye peke yangu ndiye niliyebaki kule. Weye ulikuwa na ziwa la kujifichia. Miye nilikuwa na eda."

Nilitaka kumwambia habari za karani wa ghalani, sikuweza. Lakini wewe muulize mwalimu wako, na akishindwa, muulize yule wasiyesalimiana. Tulizaliwa tumbo moja, tukaisikia sauti ile ile mahali pamoja, mara zote mbili. Mmoja alipewa miguu na mwingine akanyang'anywa. Mmoja akasifiwa kwa utani, mwingine akasifiwa kwa subira, na kila mmoja alijua kwamba sifa yake ni ya uongo. Kama panya wanafanya hivyo, sijasoma mahali.

Mwavita alinisukumia ungo wa pili. Nilipembua vibaya, akaniambia nimemtupia kuku mchele na kuwaachia wageni chuya, na kwamba ndiyo maana marehemu bibi yako hakuniruhusu jikoni. Alicheka. Mimi pia nilicheka, na machozi yalikuwepo, kwake na kwangu, hatukuyazungumzia.

Swedi nilimwita jana nikamweleza mwenyewe. Alitaka kupiga magoti, nikamkataza. Nilimwambia utani wake ulikuwa wa haki na asiache kunitania, maana nikianza kuhurumiwa nitakufa kabla ya harusi. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi Mzee, siku ya nikaha nikufunge kamba ya nanga?" Nimeamini kwamba nakuoza pazuri. Baruti za watoto amezikataza kwa jina lake, si kwa langu. Ngoma itabaki, kwa sababu Mwavita anasema harusi isiyo na ngoma ni mkutano wa mtaa.

Shehe nimemwachisha uwakili. Nitaketi mimi. Sikuahidi kwamba nitakaa mpaka mwisho, na sitaki uniombe ahadi hiyo. Makarani wangu hawajabadilika kwa sababu nimepembua mchele. Nimekuahidi kwamba nitaketi.

Mkeka utatandikwa mahali ambapo si kawaida, nawe usishangae ukiambiwa. Mwavita ameamua uwekwe jirani na mlango wa chumba cha wanawake, na mimi nikae nimeupa mgongo mlango. Yeye atakuwa ndani, upande wa pili wa pazia. Wewe utakuwa karibu naye na utasikia kila kitu. Shehe akiniuliza kama nimekuoza, na mimi nikachelewa kujibu, usidhani nimebadili nia. Nitakuwa nautafuta mkono wa dada yangu nyuma ya pazia. Nikishaupata, nitajibu.

Babu yako, na mpaka tarehe ishirini na tisa bado mumeo,
Hamdani